Siku Moja Unguja Mjini na Marafiki: Mji Mkongwe, Changuu au Mashamba ya Viungo?

Kundi la marafiki likiwa na siku moja tu ya kutembea Unguja, ubishi mara nyingi huwa juu ya mambo matatu: kuuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu, kupanda boti kwenda Changuu kutazama kobe na kuoga baharini, au kukodi gari kwenda mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi. Mwenye haraka katika kundi husema, "Tufanyeni yote." Inawezekana, na wapo wanaouza safari ya namna hiyo: asubuhi shamba, mchana kisiwa, jioni mji. Lakini siku ya hivyo huishia njiani, na kila mlipofika mnaondoka kabla hamjakaa. Bora kuchagua moja iwe ndiyo siku yenyewe, na ya pili ikipata nafasi iwe nyongeza.

Mimi ni mkaazi wa mji huu na naupenda, kwa hiyo niseme mapema upande ninaouelemea: kwa marafiki wanaokuja kwa mara ya kwanza, Mji Mkongwe unazishinda hizo nyengine mbili. Hata hivyo ziko siku, na ziko aina za watu, ambao kwao mji si chaguo zuri, na nitawataja.

Jozani na Nungwi nimeziacha makusudi. Msitu wa Jozani, wenye kima punju wasiopatikana popote duniani ila visiwani humu, uko kama kilomita 35 kutoka mjini. Nungwi iko ncha ya kaskazini kabisa. Hizo ni za siku ya pili, kwa mwenye siku ya pili.

Tazameni maji kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, ulizeni bahari iko vipi siku hiyo. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ya hapo huwa maji mafu, bahari haisogei sana. Kwa upande wetu wa mji, siku za bamvua maji hukauka kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata ikipita wiki moja mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yamekupwa.

Hilo huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Fungu la mchanga la Nakupenda, ambalo wengi huliunganisha na safari ya Changuu, huonekana maji yanapokupwa na humezwa yanapojaa. Mkija siku ya bamvua, fungu liko wazi asubuhi, na jioni bahari imepanda hadi ukutani Forodhani, wakati ambao vijana hupiga makachu, yaani kujirusha baharini kutoka ukutani. Siku kama hiyo Changuu asubuhi na mji jioni vinaingiana vizuri. Mkija siku ya maji mafu, fungu ni dogo, saa zake hazipatani na ratiba yenu, na nusu ya raha ya safari ya boti imeshapungua kabla hamjalipa.

Asiyekuwa na jedwali la maji aangalie tarehe ya mwezi wa Kiislamu: zile za mwanzo, na zile za kuanzia 14 hadi 17, ndizo za bamvua. Au amuulize nahodha jioni ya kuamkia safari.

"Nahodha, kesho maji yanakauka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, bwana. Tutoke saa mbili, tupite kwa kobe kwanza, fungu tulifikie likiwa kavu."

Hilo ni jibu la mtu wa bahari. Anayekwambia wakati wowote ni sawa, mshukuru, kisha endelea kutafuta.

Mji Mkongwe kwa miguu

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini ni mji wa watu, si makumbusho. Watoto huenda skuli na chuo cha Kurani, nguo huanikwa, mwenye duka hufungua mlango wake na kufagia kizingiti. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuupendelea: mnatembea ndani ya maisha ya wenyewe.

Ningeanzia Mkunazini kabla jua halijakaza. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga chini ya shinikizo la Waingereza. Kanisa la Anglikana lilijengwa juu ya uwanja ule ule, na madhabahu yake iko mahali panaposemwa kuwa ndipo palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Karibu na mlango ziko nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba wajenzi walizisimamisha hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs, na jirani yake viko vyumba vya chini ambavyo mtu mzima hawezi kusimama wima. Ingieni vyumba hivyo mwanzo wa siku, akili zikiwa bado mpya. Kuviacha hadi saa 9 alasiri, watu wana njaa na simu hazina chaji, ni kutopatendea haki mahali penyewe na waliopita hapo.

Kutoka hapo Darajani ni hatua chache. Soko lilijengwa mwaka 1904, na upande wa samaki asubuhi kuna mnada: jodari amelazwa sakafuni, dalali anataja bei, mnunuzi anaitikia kwa jicho tu. Kwa kundi la marafiki hapa ni pazuri kwa sababu kila mmoja hupata cha kumvuta. Mmoja yuko kwa samaki, mwengine kwa viungo, wa tatu anakagua kanga na kusoma jina lake kabla ya kukubali rangi.

Halafu ingieni vichochoroni. Msiogope kupotea. Mji ni mdogo, umezungukwa na bahari pande tatu, na ukitembea kwa muda bila kugeuka utatokea ama baharini ama barabara kuu ya Darajani. Tazameni milango. Ile ya mtindo wa Kiarabu kwa kawaida juu yake ni mraba, na maandishi au maua yamechongwa kwenye kizingiti cha juu; ile ya mtindo wa Kihindi ina upinde juu na mara nyingi imepigwa vichwa vya shaba vilivyochongoka. Simameni mbele ya mmoja, mfuate kwa kidole nakshi za mfaa, ule mti wa katikati, kutoka chini hadi juu: mnyororo, mizizi, jani, ua. Dakika tano mbele ya mlango mmoja zinatosha kuwafanya muione milango mengine yote iliyobaki.

Sokomuhogo, kwenye Jaws Corner, kaeni barazani. Mwenye kahawa ana dele la shaba lenye makaa chini yake na vikombe visivyozidi funda tatu. Toeni salamu kwanza, "Assalaam aleikum, shikamooni," mngoje "marahaba", ndipo mkae. Wazee wanacheza dhumna au karata, mazungumzo ni ya mpira na siasa, na mgeni aliyesalimia vizuri hupewa nafasi na hata kuulizwa timu yake. Kahawa ni chungu; agizeni kashata. Hapa ndipo mji unapozishinda shamba na kisiwa: mtu hawezi kuuziwa baraza. Ni pa kila mtu na hakuna tiketi.

Upande wa bahari kuna majumba makubwa. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, likiwa jumba la kwanza humu kuwa na umeme, na baadaye lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri kwa mizinga katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia; Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Jumba lilisalimika vita hivyo, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Kwa hiyo hesabuni kulitazama kwa nje. Jirani yake, Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa, iko wazi na kuingia ni bure. Ndani yake mna nyasi, kivuli na mahali pa kupumzisha miguu. Mwezi wa Februari tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika hapo, na aliyepanga siku yake ikaangukia wiki hiyo ajue mji utajaa na vyumba vitakuwa haba. Wapenzi wa bendi ya Queen watataka kupita Shangani, kwenye makumbusho ya mwimbaji wake, Freddie Mercury, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Alizaliwa mjini hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

Mji una kasoro zake. Papasi watawafuata bandarini na Forodhani wakitaka kuwa waongozaji. Wengine ni watu wazuri, wengine watawazungusha kwenye maduka yanayowapa kamisheni. Mkitaka mwongozaji, chukueni mwenye kitambulisho, mwafikiane bei na muda kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Kuanzia saa 6 hadi saa 9 joto huwa kali hata vichochoroni. Njia si sawa, kuna ngazi na mawe yaliyoinuka, na pikipiki hupita kwa kasi kwenye uchochoro ambao mikono miwili inagusa kuta zote mbili. Mwenye mguu mbaya atachoka. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala.

Lakini fikirieni jinsi kundi linavyoishi. Marafiki sita hawana mwendo mmoja wala hamu moja. Mjini mnaweza kuachana saa 7, mmoja akalale, wawili wakanunue kanga, watatu waende makumbusho, kisha mkakutana Forodhani saa 11. Boti haikupi hilo, wala gari la shamba. Huko wote ni wafungwa wa mwendo wa mmoja, na mmoja akinuna siku yote inanuna naye.

Tena jioni ni ya mji. Forodhani, bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, huanza kuchangamka jua likishuka. Kama maji yamejaa mtaona makachu: kijana anakimbia kutoka mbali, anaukanyaga ukingo wa ukuta, anajikunja hewani mara moja au mbili na kuingia majini, na kabla povu halijatulia mwengine yuko nyuma yake. Halafu chakula. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, urojo wenye bajia na chipsi za muhogo, mishikaki, na ile chapati ya kukunjwa na mayai na nyama wanayoiita pizza. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa sahanini, na kwa vitu vya baharini chagueni banda lenye wateja wengi, ambako ngisi na pweza hawakai muda mrefu wakingoja kupashwa moto.

Changuu na fungu la Nakupenda

Kisiwa kiko kilomita 5 na kidogo kutoka mjini, safari ya nusu saa hivi kwa boti ya mbao yenye mashine. Watu hukiita kisiwa cha jela, na jela kweli ilijengwa miaka ya 1890 chini ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, lakini haikutumika kufungia wahalifu. Badala yake kisiwa kikawa karantini ya wasafiri katika zama ambazo homa ya manjano ilikuwa ikiogopwa. Majengo yenyewe yanatazamwa kwa dakika chache.

Kobe ndio sababu ya kwenda. Wanne waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka kwa gavana wa Kiingereza wa Shelisheli, wa aina ya Aldabra, ambao mkubwa wao huweza kuzidi kilo 200. Wakazaana hadi wakafika takriban 200 katikati ya miaka ya 1950. Kisha wakaja wezi, kobe wakauzwa nje, na kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7 tu. Ulinzi uliowekwa baada ya hapo, pamoja na vitoto vilivyoletwa kuongeza idadi, ndio uliowarudisha. Kwa wengine umri umeandikwa kwa rangi gambani, na kuna waliokwisha kupita miaka mia. Mkune mmoja shingoni taratibu: ataisimamisha miguu, atanyoosha shingo juu kabisa na kutulia hapo, macho nusu yamefumba. Msiwapande migongoni, na watoto waambiwe mapema. Mnyama wa kilo 200 anayeonekana kama jiwe bado anaumia.

Baada ya kobe ni kuogelea na kuzamia kwa miwani. Maji ni safi na samaki wa rangi wapo. Vaeni viatu vya majini, maana kuna viumbe wenye miiba mieusi mirefu, na mwiba ukikatikia unyayoni siku imekwisha. Kama maji yanaruhusu, mnamalizia kwenye fungu. Hapo hakuna mti hata mmoja. Ni mchanga mweupe na bahari pande zote, raha kubwa kwa saa moja au mbili, na mateso kwa aliyesahau kofia na maji ya kunywa.

Hii ndiyo safari ninayoiogopea zaidi kwa makundi, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu haina njia ya kutokea. Mmoja akichafukwa na bahari, wote mnarudi au wote mnavumilia. Kupanda boti mara nyingi ni kuingia majini hadi magotini pwani ya Shangani au Mizingani, na wazee hawafurahii. Kila mtu awe na jaketi okozi lake kabla boti haijasukumwa. Likiwa pungufu moja, msiondoke. Na msipande boti jioni mawingu yakiwa meusi eti kwa sababu mmeshalipa.

Upande wa pesa, boti hukodiwa nzima. Watu wawili wataona ni ghali, wanane wataona ni nafuu. Ulizeni mambo matatu: bei ni ya boti au ya kichwa, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo, na fungu limo au halimo.

Mashamba ya viungo

Kizimbani palikuwa na shamba la mikarafuu la mtawala Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, na mpaka leo eneo hilo ni la kilimo na utafiti. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, si Unguja. Mashamba mnayopelekwa hapa ni ya kuonesha: mti mmoja mmoja wa kila aina, na mwongozaji anayejua kila jani. Hilo silioni kuwa kasoro. Ni darasa zuri, mradi mjue ni darasa na si shamba la biashara.

Ukweli ni kwamba watu wengi wamepika pilau miaka yote bila kuujua mti wowote kati ya hiyo. Mwongozaji hukata tunda la kungumanga kwa kisu: nyama ya nje ya rangi ya maziwa, ndani kokwa ya kahawia inayong'aa, na juu ya kokwa wavu mwekundu uliokolea kabisa, uliobana. Wavu huo ni basibasi. Tunda moja, viungo viwili. Hiliki huota chini, karibu na udongo, kwenye vikonyo vinavyotambaa, mahali ambapo mgeni hatazami. Mdalasini ni gamba la mti, lakini mizizi yake ikikwaruzwa hutoa harufu ya kafuri. Vanila huchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, na hapo mtu huelewa kwa nini ni ghali. Zingefuri hupakwa midomoni, langilangi hunusishwa kila mtu, na mwisho mkwezi hupanda mnazi akiimba na kuangusha madafu.

Njia ya kwenda ina mengine yenye uzito. Hamamu ya Kidichi, yaani nyumba ya kuogea, ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said aliyekuwa wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na kutani mna mapambo ya chokaa ya maua na ndege. Njiani kuna magofu ya Maruhubi, kasri la Sultani Barghash lililoungua mwaka 1899, ambalo nguzo zake bado zimesimama. Mtoni ndiko alikozaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekuja kuolewa na Mjerumani na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Kwa mtu anayependa historia, shamba pamoja na Kidichi na Maruhubi ni nusu siku iliyojaa vizuri.

Faida kubwa ya shamba ni kivuli na mwendo wa pole. Bibi wa miaka sabini na mtoto wa miaka sita watafurahi pamoja, jambo gumu mjini na gumu zaidi botini. Kasoro yake ni mwisho: kuna meza ya manukato, sabuni na pakiti za viungo, na kuna kofia za majani ya mnazi mlizovishwa ambazo zinatarajiwa kulipiwa chochote. Wekeni kando pesa ndogo ndogo. Kwa viungo vya kupikia nyumbani, Darajani mtapata kwa bei ya watu wa mji.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa pesa, mji ni nafuu kuliko zote kwa kundi dogo, kwa sababu kutembea hakulipiwi na viingilio ni vya hiari. Kundi likikua, boti na gari hugawanyika na tofauti inapungua. Sehemu nyingi zina bei tofauti kwa raia na kwa wageni wa nje, kwa hiyo marafiki kutoka Bara wabebe kitambulisho cha taifa. Picha ya kitambulisho kwenye simu si kila mlinzi ataikubali.

Kwa hali ya hewa, mvua ya masika, Machi hadi Mei, huiondoa Changuu kwenye orodha siku nyingi. Shamba huteleza lakini linapitika kwa viatu vizuri, na harufu baada ya mvua ni kali kuliko siku kavu. Mjini mvua ikinyesha mnaingia chini ya baraza au makumbusho mnangoja. Jua kali nalo hugeuza mpangilio: shamba huwa la kwanza kwa kivuli, mji wa pili, fungu la mchanga la mwisho kabisa.

Mavazi si ya kufikiriwa sana botini na kisiwani, lakini mjini na mashambani mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Mnaotoka kuogelea mvae kabla ya kushuka pwani, si baada. Mwezi wa Ramadhani kula na kunywa hadharani mchana hakufai popote kati ya hizi tatu, na nahodha na mwongozaji wenu huenda wamefunga. Mwacheni awahi kwao kabla ya adhana. Kwa upande mwengine, Forodhani baada ya futari katika mwezi huo ina uchangamfu wake, na ningemshauri mtu aje kwa ajili ya hilo tu.

Sasa nani achague nini. Marafiki vijana, wanaojua kuogelea, siku ya bamvua, wasiopungua watano: nendeni Changuu asubuhi, mrudi saa 7, mpumzike, mji uwe wenu kuanzia saa 10. Kundi lenye wazazi, wajawazito au watoto wadogo: shamba asubuhi pamoja na Kidichi, kisha Forodhani jioni kwa gari hadi mlangoni. Wawili au watatu wenye pesa za kuhesabu: mji, bila kusita. Wanaokuja mara ya kwanza na hawajui kama watarudi: mji, hata kama mmoja wao analilia kobe. Aliyekwisha kuuzunguka mji mara nyingi ndiye ningempeleka shamba kwa moyo wote, kwa sababu huko atajifunza asilolijua.

Na wale wanaokuja na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo? Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa 2 kila upande, na muda unaobaki ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye tiketi. Hapo sioni ubishi. Kaeni mjini, maana kutoka popote Mji Mkongwe bandari ya Malindi mnaifikia kwa miguu, na hakuna mashine ya boti wala foleni ya barabarani itakayowakosesha safari. Kateni tiketi za kurudi mkishuka asubuhi, mizigo isizidi begi la mgongoni, anzeni Mkunazini, kahawa Sokomuhogo, chakula cha mchana saa 6 badala ya saa 8, kisha mshuke na njia ya pwani hadi Malindi. Mabanda ya Forodhani mtayakosa kwa kuwa hufunguliwa jua likishuka, lakini urojo hupatikana mchana pia vichochoroni, mwulizeni mama yeyote aliyeketi mlangoni kwake, "Shikamoo mama, urojo mzuri hapa uko wapi?" na mfuate anakoelekeza.